Pete ya Mama na Taa Arobaini

Gateshead, Jumatatu, 3 Oktoba 1881

Daftari hili nimepewa karakanani niandike nyuzi za taa: ngapi zimeingia tanurini, ngapi zimetoka nzima. Nyuzi nitaziandika kurasa za mbele. Huku nyuma nitaandika hasira zangu, maana nisipoziweka mahali iko siku nitamtupia mtu sahani.

Jana ilikuwa karamu ya upendo kanisani. Kila miezi mitatu tunakaa hivyo, tunagawana mkate mtamu, kikombe kikubwa chenye vishikio viwili kinapita na maji kutoka mtu hadi mtu, na mwenye neno moyoni anasimama analisema. Hakuna ruhusa ya kumkatiza, hata akiwa anatapika upuuzi. Kikombe kilipofika kwa mdogo wangu Kezia kikamponyoka. Maji yote viatuni mwa Mchungaji Pybus. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka kwa pamoja, na huko kuacha ndiko kulikoniuma.

Kikombe si kizito. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kabla hajakishika. Mimi niliiona, na mikono ya namna ile naijua. Baba alikuwa nayo kila asubuhi kabla hajaipata chupa yake.

Jumatano, 5 Oktoba

Nyuzi kumi na mbili. Nzima nne. Mvua.

Jumamosi, 8 Oktoba

Leo Kezia kashindwa kufunga vifungo vya shingo. Nikamfungia. Pumzi yake inanuka vibaya, harufu kama ya shaba iliyokaa mdomoni. Nikamwuliza amekula nini. Akanijibu kwa ukali kwamba yeye si mtoto, nimwache. Kezia huyu huyu ambaye nimemlea tangu ana miaka sita! Ana ishirini na mitatu sasa na tangu lini ananijibu hivyo?

Tunafanya kazi karakana moja, kwa Bwana Septimus Harle, mtengeneza taa za umeme. Mimi niko chumba cha tanuri. Nachukua uzi wa pamba uliolowekwa kwenye tindikali hadi ukawa kama utumbo mkavu, naukunja, naufukia kwenye unga wa mkaa ndani ya chungu, naoka hadi wenyewe uwe mkaa. Ukikohoa karibu nao umevunjika. Kezia yuko chumba cha pampu na wanawake wengine watano. Huko balbu inaunganishwa na bomba refu la kioo, zebaki inadondoka tone kwa tone, na kila tone linashuka na hewa kidogo ya ndani ya balbu. Saa tano, saa sita, tone tone. Hewa ikibaki, uzi unawaka mara moja na kufa. Ikiisha, unawaka siku nyingi, mwanga umetulia, hauna moshi wala harufu. Ni kitu kizuri. Nimekiona kikiwaka mara mia na bado nasimama kukitazama.

Wote sita wa chumba cha pampu ni wa kanisa letu, wamekula kiapo cha kutogusa kileo. Bwana Harle ni mzee wa kanisa. Anapenda kusema mkono usiokunywa hauvunji vioo.

Ijumaa, 14 Oktoba

Dhoruba ambayo sijapata kuiona. Mabomba ya moshi yameanguka barabara nzima, meli zimekwama mdomoni mwa mto. Upepo ukaingia tanurini, nyuzi thelathini zimekuwa majivu. Nimerudi nyumbani nimelowa hadi mifupa, nikamkuta Kezia anaililia sahani iliyovunjika. Sahani! Nilipomkemea akaona haya, akageuka mwekundu hadi masikioni, akaenda kukaa ngazini gizani. Baba naye alikuwa analia akivunja vitu.

Jumapili, 16 Oktoba

Kanisani wananong'ona. Phoebe Storey, anayekaa pampu ya jirani na ya Kezia, kaniambia nisiwasikilize. Nikamwambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Akaniangalia kama nimemkanyaga mguu.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nyuzi ishirini. Nzima tisa. Ukungu. Kezia hakula, anasema meno yanamwuma.

Alhamisi, 27 Oktoba

Mkono wangu bado unachemka, mwandiko utasomeka utakavyosomeka.

Mama alituachia kitu kimoja tu. Baba alikunywa kitanda, alikunywa saa ya ukutani, alikunywa viatu vyangu vya Jumapili. Pete ya dhahabu ya mama hakuinywa, kwa sababu tangu Kezia azaliwe mama hakuivua kidoleni hata siku moja, hata akiwa anafua. Mimi pete hiyo hainitoshi, vidole vyangu vimevimba viungo kwa sababu ya tanuri. Kwa hiyo anaivaa Kezia tangu vidole vyake vilipokua vikaijaza, na mimi nimekuwa nikiitazama kidoleni mwake kila siku ya Mungu na kuona kwamba angalau kuna kitu kimoja ambacho pombe haikukipata.

Jioni hii alinyoosha mkono kuchukua chumvi, nikaiona pete. Nyeupe. Kijivu cheupe kama kijiko cha bati.

Nikamwuliza pete ya mama iko wapi.

"Si hii hapa."

"Kezia, mimi si kipofu. Hilo ni bati."

"Ni ile ile, dada. Imebadilika tu. Hata mimi sijui kwa nini. Imebadilika."

Imebadilika! Dhahabu imebadilika, kama maziwa! Nilimshika mkono nikaivua kwa nguvu. Ilikuwa imechakaa ukingoni, ovyo, kama vitu wanavyouza sokoni chini ya daraja. Nikamwambia ameiuza pete ya mama akanunua bati, na kilichobaki amekinywa. Alikula yamini kwa jina la mama kwamba hajawahi kuonja. Mikono inatetemeka hivyo, mdomo unanuka hivyo, na anamtaja mama. Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga tangu azaliwe.

Pete ya bati iko mfukoni mwa aproni yangu. Nitakaa nayo inikumbushe nisiwe mjinga tena.

Ijumaa, 28 Oktoba

Hatusemeshani.

Jumapili, 6 Novemba

Nimefanya. Baada ya ibada nilikwenda mbele ya wazee wa kanisa, Mchungaji Pybus na Bwana Harle wakiwa katikati, nikasema mdogo wangu anakunywa. Nilieleza mikono, pumzi, hasira. Niliwaonyesha pete. Bwana Harle alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema ushuhuda wa dada una uzito kuliko wa watu kumi.

Mchungaji akalileta daftari la kiapo. Kila mmoja wetu jina lake limo, tulitia sahihi tukiwa watoto. Utaratibu ni kwamba jina la aliyevunja kiapo linasomwa mimbarini kwenye ibada ya jioni, kisha linapigwa mstari mwekundu kwa rula mbele ya watu. Kezia alikuwa ameketi safu ya tatu. Liliposomwa hakulia. Aligeuza kichwa akanitafuta, akaniona, akaendelea kunitazama hadi wino ulipokauka.

Nilifanya kwa faida yake. Mama angekuwa amefanya hivyo kwa baba mapema, tungekula.

Alhamisi, 10 Novemba

Bwana Harle kamfukuza kazi. Bomba la pampu lilimpasukia mikononi, na safari hii hana jina la kumlinda. Nafasi yake kapewa binti mwingine wa kanisa.

Sikufikiria hili. Naliandika hapa, maana ningekuwa nimeulizwa kanisani ningesema nilifikiria.

Jumanne, 15 Novemba

Kezia alikwenda kiwanda cha kamba kuomba kazi. Wakataka barua ya mchungaji. Alikwenda kiwanda cha jamu. Barua ya mchungaji. Hakuna mlango mji huu unaofunguka bila barua hiyo, na hakuna barua kwa jina lililopigwa mstari mwekundu. Anakaa dirishani ameficha mikono chini ya aproni. Nyuzi kumi na sita, nzima tatu. Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya mchana.

Alhamisi, 17 Novemba

Niandike taratibu, moja baada ya jingine, nisiruke kitu.

Asubuhi, nikiwa naingiza chungu tanurini, niliigusa ile pete mfukoni. Nikakasirika upya. Nikaona kwa nini natembea na uchafu huu, nikaitupa kwenye kipande cha kigae ukingoni mwa tanuri, pale panapokuwa pekundu. Bati linayeyuka upesi. Nilitaka kuliona likiwa tone. Kisha Bwana Harle akaniita juu, na niliporudi nikawa na vyungu vya kutoa, nikasahau.

Alasiri nilipokivuta kigae, pete ilikuwa palepale. Nzima. Na ilikuwa ya njano.

Niliiacha ipoe. Niliosha macho. Niliisugua kwa aproni. Dhahabu. Imefifia, ina vishimo vidogo kama vya nondo kwenye sufu, nyembamba kuliko ilivyokuwa, lakini ndani yake, mahali weupe ulikuwa umepaziba, kuna zile alama mbili ambazo mama alizikwaruza kwa sindano, T na K, Tamar na Kezia, siku huyo mdogo alipozaliwa. Nilizijua kabla sijazisoma.

Nilikwenda mbio kwa Greiner. Greiner ni mpuliza vioo wetu, Mjerumani, yeye ndiye anayetengeneza mabomba ya pampu. Nikamwekea pete mkononi nikamwambia ilikuwa nyeupe, nimeichoma, sasa ni njano. Hakushangaa hata kidogo. Alisema zebaki hula dhahabu. Ikiigusa inaingia ndani yake na kuifanya nyeupe. Ukiichoma, zebaki inatoka kuwa moshi, dhahabu inabaki. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kama nilisimama karibu nikauvuta moshi huo.

Nikamwuliza kwa nini.

"Bi Tamar, kwetu waliokuwa wakipaka vioo vya kujitazamia kwa zebaki walikuwa wanatetemeka wote. Meno yanalegea, mdomo unanuka, mtu mpole anakuwa mkali, anaona haya hovyo, analia. Nilidhani hapa mnajua."

"Ulimwona Kezia anatetemeka."

"Nilimwona."

"Ulisikia jina lake limesomwa."

Alisema yeye si wa kanisa letu na ana watoto sita, na akarudi kwenye moto wake. Nilitaka kumvunjia mabomba yote kichwani. Alidhani tunajua! Mwanamume mzima, miaka miwili anaona wanawake wanaokota zebaki sakafuni kwa viganja, madirisha yamefungwa kwa sababu upepo unapasua kioo cha moto, jiko linawaka, zebaki imejaa kwenye nyufa za mbao, na yeye anadhani tunajua.

Lakini Greiner hakumpiga kofi. Greiner hakusimama mbele ya wazee wa kanisa. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na nguo yenyewe nilikuwa mimi.

Nilimpa Kezia pete nikamweleza yote. Aliitazama, hakuigusa, akageukia dirisha. Alisema neno moja tu, "Nilikwambia."

Ijumaa, 18 Novemba

Nimemwendea Bwana Harle. Alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema zebaki ni safi kuliko mikono yangu, madaktari wanawapa wagonjwa waimeze, na kwamba huruma ya dada ni jambo zuri lakini nisiitumie kuchafua kazi ambayo dunia nzima inaitazama. Watu wa London wameagiza taa zetu, na wenye meli wameagiza pia. Kisha akaniambia habari njema, kwa maneno yake. Karamu ya upendo ya Desemba kanisa letu litawashwa taa arobaini za umeme, zawadi yake. Kanisa la kwanza upande huu wa mto.

"Ungependa zisiwake, Bi Tamar?"

Nilitoka bila kuaga. Jibu limenijia nikiwa tayari darajani, kama kawaida yangu.

Jumapili, 20 Novemba

Mchungaji Pybus ni mtu mwoga mwenye sauti nzuri. Nimemfahamu miaka kumi na tano na leo ndiyo nimelijua hilo. Nilimwonyesha pete, nikamwambia nilikosea, nilitoa ushuhuda wa uongo, alirudishe jina la Kezia. Alikunywa chai yake yote kabla ya kunijibu. Akasema suala la zebaki ni la wataalamu. Akasema kanisa haliwezi kumtia doa mfadhili wake kwa sababu ya pete. Akasema kuna njia ya upole: Kezia aje atubu, atie sahihi upya kama mlevi aliyerejea, atapata barua yake, na mambo yataisha kimya kimya.

Funika kombe mwanaharamu apite. Na mwanaharamu mwenyewe ndiye anayetuletea taa.

Nilimpelekea Kezia ujumbe huo, nikiwa na aibu, lakini niliupeleka, maana barua ni mkate. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nikitubu, nimekunywa."

"Najua."

"Basi sitatubu, dada. Hata tukifa njaa."

Nilidhani nitamkasirikia. Badala yake nilitamani kumpigia magoti, nikaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 23 Novemba

Nyuzi kumi na mbili, nzima tano. Baridi kali.

Jumanne, 29 Novemba

Phoebe Storey kamwaga zebaki leo. Aliinama kuizoa, akaikosa, akaikosa tena. Akainua macho akaniona mlangoni. Akaificha mikono chini ya aproni, kama Kezia. Nikamwambia aje nyumbani kwetu Jumamosi na wenzake wote wanne wa zamani, pamoja na huyo binti mpya. Wasije na hofu, sitawapeleka kwa wazee wa kanisa. Alisema, "Kwako wewe, Tamar, mtu anakuja na roho mkononi." Nilistahili.

Jumamosi, 3 Desemba

Walikuja. Tulikunywa chai. Niliwaomba waweke mikono mezani, kama tunavyofanya na watoto kabla ya kula. Wanne kati ya sita mikono yao haitulii. Kila mmoja alikuwa anadhani ni peke yake. Mmoja alikuwa ameacha kunywa hata chai, akidhani ndiyo inamtia wazimu. Mwingine, aliyeolewa, anavua pete kila asubuhi na kuificha, kwa sababu mumewe aliiona inaanza kuwa nyeupe na kumwuliza nani kampa ya bandia. Ya mama waliipitisha mkono kwa mkono. Kezia ndiye aliyewamiminia chai, ikamwagika nusu, na hakuna aliyejifanya hajaona.

Phoebe akauliza tufanye nini. Nikasema kuna saa moja tu katika miezi mitatu ambapo Pybus na Harle hawana ruhusa ya kunikatiza.

Jumapili, 11 Desemba

Mafundi wa Harle wamejaa kanisani. Nyaya zimepigiliwa kwenye boriti, taa za gesi zimeng'olewa ukutani, injini ya mvuke imewekwa nyuma ya ukuta wa mimbari. Tumeimba tukiwa na mishumaa. Nyuzi zote arobaini nimezioka mimi. Nimezichagua moja moja, nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa. Sikuharibu hata moja, ingawa shetani alinishauri. Uzi hauna kosa.

Jumatano, 14 Desemba

Kezia anasema hatakuja kwenye karamu. Sikumlazimisha.

Jumapili, 18 Desemba

Alikuja. Alivaa gauni lake la kijivu na kuketi safu ya nyuma kabisa, mlangoni, mahali pa watu wasio na majina.

Ilikuwa saa kumi na moja za jioni na nje kumekwisha kuwa giza, kama ilivyo kwetu mwezi huu. Kanisa lilijaa hadi ngazini. Injini ilianza kunguruma, na zikawaka, zote arobaini kwa pamoja. Watu walivuta pumzi. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia aliyokuwa ameshaivua. Mimi mwenyewe, pamoja na sumu yote iliyonijaa kifuani, niliona fahari. Mwanga ulikuwa kila mahali, hadi chini ya viti. Ungeweza kusoma Biblia ya herufi ndogo ukiwa umeketi kona yoyote.

Mkate ukapita. Kikombe kikapita. Bwana Harle akasimama akashuhudia kuhusu nuru na neema. Alipoketi, nikasimama.

Nilisema, "Mimi ni Tamar Hedley. Mwezi Novemba nilisimama mbele ya wazee wa kanisa hili nikamshuhudia uongo mdogo wangu."

Halafu nikawaeleza. Niliwaeleza pete, tanuri, moshi. Niliwaeleza jinsi zebaki inavyodondoka na wapi inakwenda isipokwenda kwenye bomba. Bwana Harle alianza kuinuka, na yule yule mzee wa kofia akamwambia, kwa upole sana, "Bwana Harle, ni karamu ya upendo." Akaketi. Sijapata kuupenda utaratibu wowote wa kanisa kama nilivyoupenda huo wakati ule.

Nikasema wanawake wa chumba cha pampu wasimame. Phoebe alisimama kwanza. Kisha wengine, mmoja mmoja, hadi yule binti mpya ambaye mikono yake bado imetulia.

"Inueni mikono."

Wakainua. Kwa mwanga wa mishumaa usingeona kitu. Kwa gesi labda ungedhani ni kivuli. Lakini zile taa ni nzuri, nami nilizioka mwenyewe, na kila mtu kanisani aliona kila kidole. Wanawake wanne wasiogusa kileo maisha yao yote wanatetemeka kama majani. Mume wa yule aliyeficha pete alikuwa safu ya pili. Aliitazama mikono ya mkewe, kisha akashika kichwa.

Halafu watu wakaanza kugeuka nyuma, safu moja baada ya nyingine. Kezia alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake juu.

Bwana Harle alitoka kwa mlango wa pembeni. Hakukatiza mtu, hilo nalitambua. Tulisikia injini ikipunguza kelele, ikakohoa, ikanyamaza, na taa arobaini zikageuka nyuzi nyekundu kisha zikafa. Giza tupu. Taa za gesi hazipo, wameshazing'oa. Mtoto akalia. Na katika giza hilo Phoebe Storey akaanza kuzungumza, polepole, akieleza siku ya kwanza alipoona meno yake yanacheza, na hakuna aliyeondoka hadi alipomaliza.

Jumatatu, 19 Desemba

Nimefukuzwa kazi. Nilikuwa nimeshachukua aproni yangu Jumamosi. Wanne wa pampu hawakwenda kazini. Yule binti mpya mama yake kamzuia. Greiner alinisimamisha barabarani akasema karakana iko kimya na Bwana Harle amewaambia mafundi watoboe madirisha mawili mapya chumba cha pampu. Alitaka nimshukuru kwa habari hiyo. Nilimwambia akawaambie watoto wake sita.

Alhamisi, 22 Desemba

Theluji. Daftari hili ni mali ya karakana, lakini waje walichukue wenyewe.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Mchungaji Pybus alikuja baada ya ibada na daftari la kiapo kwapani. Wazee wa kanisa wamekaa, akasema, bila Bwana Harle. Jina linarudi, barua itaandikwa kesho. Mstari mwekundu haufutiki, karatasi itatoboka, kwa hiyo imeachwa nafasi chini yake liandikwe upya, bila neno la toba. Akafungua kalamu. Akasema kwa huruma kwamba kwa kuwa mikono ya Kezia ina shida, yeye mwenyewe atamwandikia.

Kezia akamwambia hapana. Akavuta kiti. Niliona inavyomgharimu. Nikanyoosha mkono kumshikia kifundo cha mkono wake, akaniangalia hadi nikaurudisha. Aliandika peke yake. Herufi zilikwenda juu na chini, kalamu ikapasua karatasi mahali pawili, na jina lake likachukua nusu ya ukurasa, juu ya majina ya watu wengine. Pybus alisubiri. Kezia alipomaliza, akamwuliza kama angependa kurudia kwa nadhifu zaidi.

"Likae hivyo hivyo," Kezia alisema. "Wanaokuja watauliza."

Pybus alipoondoka nilimletea pete. Nilikuwa nimeisugua asubuhi yote. Nikamwambia ni yake, aivae, sasa kila mtu anajua. Hakuinua mkono kuipokea.

"Hapana, dada. Mimi nilikula yamini mbele yako kwa jina la mama, na ukanipiga. Pete haina mdomo, nayo ulipoiona tu ukaiamini."

Hakupaza sauti. Aliivuta shali, akahamisha kiti chake karibu na dirisha.

Pete nimeitundika kwenye msumari karibu na jiko. Haimtoshi mtu mwingine nyumba hii. Maneno yake nimeyaandika kama alivyoyasema ili siku moja nisije nikasema hakuyasema.